Kaka anasema karatasi za mirathi ni za msimamizi peke yake. Je, kanuni mpya za kufichua nyaraka zinanisaidia?

Swali:

"Wakili, shikamoo. Naishi Pasua, Moshi, ni mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alifariki Novemba 2023. Machi 2024 Mahakama ya Mwanzo ilimteua kaka yetu mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi baada ya kikao cha ukoo. Baba ameacha kihamba, yaani shamba la ukoo, Kibosho chenye migomba na kahawa, nyumba ya kupangisha Majengo, kiwanja Sakina kule Arusha, akiba benki na SACCOS, na hisa za chama cha msingi. Mpaka leo hatujaona karatasi hata moja. Wapangaji wanamtumia kaka kodi kwa simu. Nikiuliza, anasema karatasi za mirathi ni za msimamizi, na kwamba mimi ni binti, tena nimeolewa, mambo ya kihamba hayanihusu. Binamu yetu aliyeko California anasema kanuni za mahakama zimebadilika, siku hizi ukidai nyaraka upande wa pili una siku 60 kukuonyesha. Je, kanuni hiyo inatuhusu? Naweza kufungua ombi la kufichuliwa nyaraka? Akikataa atakamatwa? Mama hataki kusikia habari za mahakamani, anasema tutaaibika."

Jibu:

Marahaba, dada. Pole kwa kuondokewa na baba, na pole kwa hili lililofuata. Nimefanya uwakili hapa Moshi miaka mingi, na hakuna shauri linaloniumiza kama la ndugu wa tumbo moja kukaa benchi moja nje ya chumba cha mahakama, kila mmoja akitazama upande wake. Mara nyingi mzizi wake ni kutokujua tu. Aliyenyimwa taarifa huanza kudhani, na dhana za mirathi hukua haraka kuliko mgomba.

Kwa hiyo nianze na lililo la uhakika: unachotaka kukiona una haki ya kukiona, na huhitaji kanuni ya California ili ukipate. Ila njia yake si ile aliyokuelekeza binamu. Nisipokueleza kwa nini, utamaliza pesa na miezi kwenye mlango ambao si wako.

Binamu hakusema uongo. Kule California, kwa kesi za madai zilizofunguliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024, mhusika mmoja akidai, pande zote pamoja na yeye mwenyewe aliyedai zina siku 60 za kutoa taarifa za mwanzo: ni nani wanaojua habari za kesi, ni nyaraka zipi zipo na ziko wapi, na kama kuna bima inayohusika. Kabla ya hapo utaratibu huo ulitegemea wahusika wenyewe kukubaliana. Lakini kanuni hiyohiyo imetaja kesi ambazo haizigusi, na mashauri yaliyofunguliwa chini ya sheria ya mirathi ya jimbo hilo yametajwa humo, pamoja na ya familia na ya madai madogo. Maana yake, hata jirani yake binamu aliyeko kulekule asingeweza kumbana msimamizi wa mirathi kwa kanuni hii ya siku 60. Msimamizi wa kule anabanwa na kifungu kingine kabisa: ndani ya miezi minne tangu apewe barua za usimamizi, lazima apeleke mahakamani orodha ya mali pamoja na thamani yake. Ishike hiyo miezi minne, nitairudia.

Sasa, kufichua nyaraka ni nini hasa? Ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili wanaoshindana. Mdai ana karatasi zake, mdaiwa ana zake, na hakuna aliye mtunza mali ya mwenzake. Bila kulazimishwa, kila mmoja atatoa zile zinazomfaa na kuzikalia zinazomuumiza. Ndiyo maana Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya XI, inamruhusu mhusika kuiomba mahakama imwamuru mwenzake ataje kwa kiapo nyaraka alizonazo, aruhusu zikaguliwe na kunakiliwa, au ajibu maswali ya maandishi kwa kiapo. Ombi la "nataka kila kitu" halikubaliwi. Waraka lazima uhusiane na hoja inayobishaniwa. Na ukiuliza anayekaidi anapata nini, jibu ni kwamba kesi yake inaumia: akiwa mdai inaweza kufutwa, akiwa mdaiwa utetezi wake unaweza kuondolewa. Hakuna pingu hapo.

Mazingira ya chombo hiki yalibadilika kwetu mwaka 2019, kwa Tangazo la Serikali Na. 381, lililoandika upya sehemu kubwa ya Amri ya VIII ya sheria hiyohiyo. Kesi ya madai sasa ina kikao cha awali ambapo ratiba yote hupangwa, ina usuluhishi usiozidi siku 30, kisha kikao cha mwisho kabla ya kusikilizwa. Ratiba ikishapangwa, mahakama haiigeuzi mpaka iridhike kwamba haki inadai hivyo. Kwa anayetaka nyaraka, athari yake ni moja na ni kubwa: asubiri mpaka mashahidi waanze kuitwa ndipo akumbuke kwamba kuna taarifa ya benki hajaiona, atakuwa amechelewa. Ombi lipelekwe mapema, ratiba ikiwa bado mezani.

Haya yanaingiaje kwenye mirathi? Kwa milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni pale mtu anapoomba kuteuliwa katika Mahakama Kuu au Mahakama ya Wilaya, na mwingine akaweka pingamizi. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, inasema ubishi ukizuka, shauri liende kwa sura ya kesi ya madai kadiri inavyowezekana: aliyeomba anakuwa kama mdai, aliyepinga anakuwa kama mdaiwa. Hapo ndipo Amri ya XI na yale mabadiliko ya 2019 yanapata pa kukanyaga. Mlango wa pili ni kesi ya pembeni, mathalani mgogoro wa umiliki wa kiwanja na mtu wa nje, au msimamizi anapomshtaki mdeni wa marehemu.

Wewe hauko kwenye mlango wowote kati ya hiyo miwili. Kaka yako ameshateuliwa, tena na Mahakama ya Mwanzo, na Sura ya 33 haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo. Huko wana kanuni zao: za madai, Tangazo la Serikali Na. 310 la 1964, na za mirathi, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971. Ukipeleka ombi lililoandikwa "chini ya Amri ya XI", hakimu atakurudishia. Nimewahi kupokea mteja aliyeshalipa mtu wa kumwandikia ombi la namna hiyo, kurasa kumi na moja zenye mihuri, na halikusikilizwa hata dakika tano. Iliniuma, kwa sababu alichokuwa anakitafuta kilitakiwa kiwe ndani ya jalada la mahakama ileile.

Hapa ndipo naomba unielewe vizuri kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Msimamizi wa mirathi si mpinzani wako. Ameshika mali ambayo si yake peke yake, kwa idhini ya mahakama, kwa niaba ya warithi na wadai wa marehemu. Wajibu wake wa kusema alichokikuta hautokani na wewe kumwomba. Umo ndani ya kazi yenyewe aliyoikubali siku aliyoapa. Kanuni za 1971 zinamtaka, ndani ya miezi minne tangu uteuzi, au muda zaidi ambao mahakama itamruhusu, awasilishe taarifa ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Na. V. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, analeta hesabu kwa Fomu Na. VI: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, nani kapewa nini. Mirathi inayoendeshwa chini ya Sura ya 352 ina muda tofauti, miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu, lakini wajibu ni uleule. (Namba za vifungu nimeziacha kwa makusudi. Toleo la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na baadhi ya namba zimesogea, kwa hiyo ukiandika barua taja jina la sheria na fomu, usihangaike na namba ya zamani uliyoonyeshwa na mtu.)

Hesabu basi. Kaka aliteuliwa Machi 2024. Miezi minne iliisha Julai 2024. Ama ameshapeleka Fomu Na. V na nyinyi hamjui, ama aliomba aongezewe muda, ama amekaa kimya na mahakama haijamkumbusha. Kila jibu kati ya hayo lina hatua yake, na kujua ni lipi ni kazi ya asubuhi moja.

Nenda Mahakama ya Mwanzo iliyomteua. Nenda na kitambulisho, na nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo unaoonyesha jina lako miongoni mwa warithi. Kama huna muhtasari, nenda tu, umo kwenye jalada. Muone karani, mwambie wewe ni mrithi katika shauri la mirathi la marehemu fulani la mwaka 2024, unaomba kulipitia jalada na kupata nakala ya Fomu Na. V na Na. VI kama zipo. Utaandika barua fupi, utalipa ada ya nakala, udai risiti. Mahakama ya Mwanzo shughuli zake ni kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kitu humo ambacho huwezi kukisoma mwenyewe.

Ukiikuta Fomu Na. V, isome polepole ukiwa umekaa. Nimeona fomu zilizojazwa mistari mitatu: kihamba, nyumba, ng'ombe wawili. Hakuna kiwanja cha mjini, hakuna akaunti, hakuna hisa. Wakati mwingine ni uzembe wa kujaza, msimamizi alidhani kinachotakiwa ni kile kinachoonekana kwa macho. Wakati mwingine si uzembe. Angalia kama kodi ya nyumba ya Majengo imetajwa, maana kodi iliyoingia baada ya baba kufariki ni ya mirathi, haiwi ya aliyeshika simu. Angalia SACCOS na hisa za chama cha msingi, kwa sababu hizi ndizo hupotea kimyakimya. Angalia pia madeni. Deni lililoongezwa ambalo mama hakuwahi kulisikia ni la kuulizia.

Kuna mambo unaweza kuyathibitisha bila kumgusa kaka wala hakimu. Kiwanja cha Sakina, kama kina hati iliyosajiliwa, unaweza kukifanyia upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa kulipa ada, ukaona limeandikwa jina la nani na kama kuna rehani. Hiyo si siri, daftari la hati liko wazi kwa anayeomba. Kihamba hakina hati mara nyingi, kwa hiyo huko unamwendea mwenyekiti wa kitongoji na ofisi ya kijiji kuuliza kama kuna mtu ameanza kupima au kuuza kipande. Wapangaji wa Majengo unaweza kuwauliza kwa adabu wanalipa kiasi gani na kwa namba ipi. Wakikubali kukuonyesha ujumbe wa malipo, waombe wautunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama hupima uaminifu wake kwa kuangalia ulivyotunzwa, kwa hiyo ujumbe uliobaki kwenye simu yenyewe una nguvu kuliko picha iliyotumwa kwenye makundi matano ya WhatsApp.

Benki ni habari nyingine. Usiende kugombana na mhudumu wa dirishani. Benki itamwambia msimamizi, wewe haitakuambia, na iko sahihi. Taarifa ya akaunti ya marehemu unaipata kupitia mahakama: unamwomba hakimu amwelekeze msimamizi ailete, au amwite mtu wa benki aje nayo kama shahidi. Kwenye mahakama za juu, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ina vifungu maalumu vya kuruhusu vitabu vya benki vikaguliwe kwa amri ya mahakama. Ukiomba hivyo, taja benki, tawi na kipindi. Ombi la "akaunti zote za baba popote zilipo" halimsaidii hakimu, na halikusaidii wewe.

Niseme kidogo kuhusu neno la kaka kwamba wewe ni binti. Amechanganya vitu viwili. Nani atapata kihamba ni swali la mgawanyo, na ni kweli kwamba mila za kwetu zimekuwa zikimtanguliza mtoto wa kiume. Nani anaruhusiwa kujua hesabu za mirathi ni swali jingine, na jibu lake ni kila mrithi, wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Hata kwenye mgawanyo wenyewe mila haina neno la mwisho siku hizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili, na tangu 1990 Mahakama Kuu ikiwa Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilishakataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Sikuhimizi ukimbilie kudai kihamba kigawanywe vipande. Nasema usikubali kunyamazishwa kwa hoja ambayo haina mguu wa kusimamia.

Sasa tupime njia ulizonazo.

Ya kwanza ni kuzungumza, na simaanishi kule kuulizana jikoni kunakoishia kwenye kelele. Mwandikie kaka barua ya heshima, ya ukurasa mmoja, mwambie ndugu wanaomba aitishe kikao awasomee orodha ya mali na hesabu za kodi tangu Novemba 2023. Mpe tarehe. Nakala mpe mzee wa ukoo aliyesimamia kikao cha awali. Barua hii ina faida hata ikipuuzwa: siku hakimu atakapouliza kama mlijaribu kumwomba, utakuwa na cha kumwonyesha. Kasoro yake ni kwamba inampa mwenye nia mbaya muda wa kujipanga. Kama umesikia kiwanja cha Sakina kinatafutiwa mteja, iruke hatua hii.

Ya pili ndiyo ningeianza mimi, na ndiyo watu wengi hawaijui. Ni barua kwa hakimu, si kesi. Iandike kwa maneno yako, kwa mfano: "Mheshimiwa Hakimu, mimi ni mrithi katika Shauri la Mirathi namba fulani la mwaka 2024. Msimamizi aliteuliwa Machi 2024. Nimepitia jalada na sijaona Fomu Na. V wala Na. VI. Naomba mahakama imwite msimamizi aeleze sababu, na impangie muda wa kuwasilisha, mbele ya warithi." Kama fomu ipo lakini ina mapengo, taja mapengo hayo moja moja na ushahidi ulionao. Hakimu ana mamlaka ya kumwita. Nimeona msimamizi aliyekataa kuzungumza mwaka mzima akileta daftari la kodi ndani ya wiki mbili baada ya kupokea wito, na mama yao hakulazimika kukanyaga mahakamani. Haiishii hivyo kila mara. Wapo wanaoitwa mara tatu na kuleta visingizio vitatu.

Ya tatu ni kuomba uteuzi utenguliwe. Kanuni zinaruhusu, kwa sababu kama vile uteuzi kupatikana kwa udanganyifu, au msimamizi kutenda kwa makusudi ama kwa uzembe dhidi ya maslahi ya warithi na wadai. Kwa mirathi ya Sura ya 352, kuacha kuleta orodha au hesabu kwa makusudi na bila sababu ya msingi, au kuleta ya uongo katika jambo la msingi, nako ni sababu inayotajwa waziwazi. Njia hii ina uzito wake. Lakini jiulize kwanza: akiondolewa kaka, nani anaingia? Ndugu watano mnakubaliana juu ya mtu mmoja? Nimeona mirathi ikitenguliwa halafu ikakaa miaka bila msimamizi kwa sababu kila jina lililopendekezwa lilipingwa, huku nyumba inavuja na wapangaji wanaishi bure. Usiombe kumwondoa mtu kabla hujajua utamweka nani.

Ya nne ni polisi. Uliuliza kama atakamatwa. Kwa kutokukuonyesha karatasi wewe, hapana. Kwa mirathi iliyo chini ya Sura ya 352, kukaidi kwa makusudi agizo la mahakama la kuleta orodha au hesabu ni kosa la jinai, na kuleta ya uongo ukijua ni ya uongo ni kosa pia, lakini yote hayo yanapita kwanza kwa mahakama iliyomteua. Kama kuna saini ya kughushi, ya mama au yako, hiyo ni jinai ya moja kwa moja na polisi ndipo mahali pake. Vinginevyo, nakuomba usianzie huko. Kaka akilala mahabusu usiku mmoja, hata akiwa amekosa kweli, hamtakaa tena meza moja ya Krismasi Kibosho, na nyaraka bado hutakuwa umeziona.

Kuna hatari mbili ambazo lazima nikuonye. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba msimamizi akishawasilisha orodha na hesabu za mwisho na kazi ikafungwa, hakuna tena usimamizi wa kutengua. Hapo unabaki na njia ngumu zaidi za kufuatilia mali iliyokwenda vibaya. Ndiyo sababu nasisitiza uende kulipitia jalada wiki hii, usisubiri Desemba ndugu wakipanda kutoka Dar es Salaam. Kama ukifika ukakuta hesabu zimeletwa karibuni na hazijapitishwa, andika pingamizi lako siku hiyohiyo. Na kama mahakama imeshatoa uamuzi usioridhika nao, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30 tu.

Hatari ya pili ni swali la kama mahakama iliyomteua ilikuwa na mamlaka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu. Kwa marehemu Mkristo, mahakama huangalia maisha aliyoishi na nia yake: je, alikuwa ameziacha mila, au aliishi nazo mpaka kifo? Baba aliyezikwa kihambani na ukoo ukakaa kikao cha kimila si sawa na aliyeishi mjini miaka 40 akiwa amejitenga na mambo ya ukoo. Mtu anaweza kukushauri uitumie hoja hii kuangusha kila kitu. Inaweza kufaulu, na ikifaulu mnarudi mwanzo kabisa, tangazo jipya, kikao kipya, mahakama nyingine, gharama nyingine. Mimi ningeiacha, isipokuwa kama mali imeshaanza kuuzwa na njia nyingine zimefungwa.

Kuhusu mama. Aibu anayoiogopa ni ya kweli, siipuuzi. Mjane wa kwetu huulizwa na watu kanisani kwa nini watoto wake wanashtakiana. Lakini kaa naye umweleze tofauti: barua ya kumwomba hakimu amwite msimamizi alete hesabu si kumshtaki kaka. Hakuna mdai wala mdaiwa. Na mweleze kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulindwa na Fomu Na. V. Ni mrithi, na kama jina lake limo kwenye umiliki wa nyumba ya Majengo, sehemu yake haikuwa ya baba na haitakiwi kuandikwa kama mali ya marehemu. Orodha isiyoonekana inaweza kummeza yeye kabla yenu. Pengine mama akijua hilo, barua ile ataitia saini yeye.

Kulipitia jalada na kuandika barua kwa hakimu unaweza mwenyewe. Mtafute mtu wa sheria ana kwa ana kama utakuta mojawapo ya haya: upekuzi unaonyesha kiwanja cha Sakina kimeshahamishwa jina, kuna saini usiyoitambua kwenye muhtasari wa ukoo, kuna mtoto wa baba aliye chini ya miaka 18 au mtoto wa nje ya ndoa aliyeachwa kwenye orodha, au umepokea wito au uamuzi wenye tarehe. Kama uwezo wa wakili haupo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa msaada wa bure na wasaidizi wa kisheria. Hapa Moshi shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake katika mambo ya ndoa na mirathi kwa miaka mingi, na kama kiwanja cha Sakina kitazua kesi ya Arusha, pale kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki uliza dawati la msaada wa kisheria kabla hujapanda ngazi. Nenda na nakala, asili zibaki nyumbani: muhtasari wa ukoo, hati ya uteuzi wa kaka, cheti cha kifo, na nakala za fomu ulizozipata kwa karani pamoja na risiti yake.